Vijana wa saiti, udongo wa mbuga unanyanyua nyumba

Wadogo zangu, juzi nimekuta tena vijana wanachimba msingi kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi, kiangazi, sururu inadunda, mmoja ananiambia "bro hapa pagumu, tumepata chini". Hamjapata chini! Huo ugumu ni wa jua, mvua zikianza unaondoka wote.

1. Mnapiga hesabu ya nyumba kudidimia, mnasahau kunyanyuliwa. Ule udongo mweusi wa Shinyanga, au wa Athi River kule Kenya, una montimoriloniti, aina ya mfinyanzi, unakunywa maji unavimba, ukikauka unanywea na kupasuka. Nyumba ya chini ya bati ni nyepesi, udongo unaibeba. Kujaza nondo peke yake hakuzuii hilo.

2. Nguzo za skrubu, zile za chuma zenye pezi chini, zinazozungushwa kuingia ardhini kama skrubu, ni nzuri, nazipenda kabisa. Mitchell wa Ireland, mtu asiyeona, alizisajili mwaka 1833, na mwaka 1838 zikaanza kusokotwa kwenye mchanga wa Maplin kwenye mlango wa mto Thames zibebe mnara wa taa. Huna haja ya kusubiri zege ikomae, ukishazungusha unapakia mzigo. Lakini lile pezi la chini lazima likae chini ya tabaka linalovimba, na hapa ndipo panaponiuma, maana nimeshaona nyumba ya mama mmoja mjane ikiharibika hivihivi. Kijana aliyekuwa kwenye mashine ni mchapakazi, kafundishwa vizuri kwamba msokoto, yaani nguvu ya kuzungushia, ukipanda nguzo imeshika, basi kwenye mita moja na nusu geji ya msokoto ikapanda, akasimama, akakata chuma, akaenda nguzo inayofuata, na zote zikatoka hivyo. Ilikuwa kiangazi. Geji ilikuwa inasoma udongo mkavu wa juu, huohuo unaotembea! Halafu bimu ya msingi inayokaa juu ya nguzo wakaimwaga juu ya ardhi moja kwa moja, hakuna nafasi. Masika yalipokolea udongo ukalainika, ukavimba, ukashika nguzo na bimu kwa pamoja ukasukuma juu, milango ikagoma kufunga, nyufa zikapanda ngazi ngazi kutoka kona za madirisha, jamvi la sakafu likatuna katikati. Yule mama pesa ya kiinua mgongo cha marehemu yote ilikuwa mle. Hakuna aliyechimba shimo la majaribio, siku moja tu ya vibarua wawili!

Kwa hiyo geji isome, ila kina kitoke kwenye shimo na maabara.

3. Acha nafasi chini ya bimu, udongo uvimbe bila kuisukuma. Nguzo ikizunguka bila kushuka simama, unakoroga udongo. Usiizungushe kinyume eti urekebishe kimo.

4. Kama moramu au mwamba uko karibu, kama maeneo mengi ya Nairobi, achana na skrubu, ondoa mweusi wote, jaza moramu, shindilia kwa tabaka. Kwenye mawe skrubu haipiti, utakunja pezi bure.

5. Maji ya paa yapelekwe mbali, na aproni, ule ukanda wa zege unaozunguka nyumba, iwe pana. Na ukikuta mikaratusi kiwanjani usiikate wiki ya kuanza kujenga, ikate mapema misimu ya mvua ipite kwanza, kwa sababu ardhi iliyokuwa inanyonywa na mizizi itarudi kunywa maji na kuvimba, usije ukakuta nyumba yako tayari iko juu yake.