Vita ya Uingereza na Ufaransa kule Amerika

Mkuu, umeuliza Waingereza waliwashinda Wafaransa Amerika halafu wakapotezaje makoloni yao wenyewe. Ugomvi ulianzia bonde la mto Ohio: Wafaransa walijenga ngome kulinda biashara ya ngozi za manyoya, walowezi wa Virginia, koloni la Uingereza, nao wakaitaka ardhi hiyohiyo. Mwaka 1754 kijana wa miaka 22, George Washington, ofisa wa Virginia, akavamia kikosi cha Wafaransa, moto ukawaka. Quebec, mji mkuu wa Wafaransa kule Kanada, ikaanguka mikononi mwa Waingereza 1759. Mkataba wa Paris wa 1763 ukawapokonya Wafaransa Kanada. Sasa njoo kwenye bili ya vita! London ilielemewa na madeni, ikawabana walowezi kwa kodi ya stempu (kodi ya karatasi zilizochapishwa na hati) 1765, tena ilishawakataza kuhamia ng'ambo ya milima ya Appalachia; hasira hizo ndizo zilizochochea uasi, makoloni yakaenda. Wenyeji asilia, wenye ardhi hasa, hakuna aliyewaita mezani Paris.