Kufunga redio ya ridhaa kwenye gari: anza na waya, wati zije baadaye

Mkuu, hongera kwa leseni ya redio ya ridhaa (redio ya mawasiliano ya kujifurahisha, si ya biashara). Umeuliza mambo matatu: kama redio yako ya wati 50 ya VHF na UHF (masafa ya juu, ya mawasiliano ya karibu) unaweza kuichomeka kwenye soketi ya kiberiti cha gari, kama antena ya sumaku inatosha, na kwa nini rafiki yako akiongea akiwa barabarani sauti yake inaambatana na mluzi. Nimefunga redio kwenye magari manne kwa miaka kadhaa, mawili yangu na mawili ya wenzangu, na karibu kila tatizo nililokutana nalo lilianzia kwenye waya au kwenye bodi ya gari. Redio zenyewe zilikuwa nzima. Kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Soketi ya kiberiti, hapana. Redio ya wati 50 ikitoa nguvu zote inavuta ampea 10 hadi 12. Fyuzi ya soketi mara nyingi ni ya ampea 10 au 15, na waya wake ni mwembamba, tena umezunguka sehemu nyingi kabla ya kufika hapo. Mimi nilianzia huko huko. Nilikuwa nasikia wenzangu vizuri kabisa, lakini kila nikibonyeza maiki kuongea kioo cha redio kinafifia, sekunde mbili redio inazima na kuwaka tena. Nikaenda kuirudisha nikidhani ni mbovu. Fundi mmoja akaniambia niweke mita kwenye betri, halafu niweke nyuma ya redio, nibonyeze huku naangalia. Injini ikiwa imezimwa, betri ilisoma volti 12.4. Nyuma ya redio, maiki ikiwa imebonyezwa, 10.7. Redio nyingi za aina hii zimetengenezwa kwa volti 13.8, na ukishuka chini ya 11.7 hivi umetoka nje ya kiwango ambacho watengenezaji wengi wameahidi. Volti 1.7 zilikuwa zinaishia njiani kama joto.

Toa waya moja kwa moja kwenye betri. Hesabu yake haina ugumu: shaba ya unene wa milimita za mraba 2.5, mita 4 kwenda na mita 4 kurudi, inapoteza karibu volti 0.6 kwa ampea 11. Waya wa milimita za mraba 6 kwa umbali huo huo unapoteza robo volti tu. Na kama siku moja utataka redio ya HF (masafa ya chini yanayofika mbali) ya wati 100, inayovuta ampea 20 na zaidi, ule mwembamba utakula zaidi ya volti moja. Nunua wa 6 leo ili usije ukafumua dashibodi mara ya pili.

Sasa fyuzi, na hapa naomba usome polepole. Fyuzi ya kwenye waya mkuu kazi yake ni kuulinda waya. Kwa hiyo inakaa karibu na betri kadiri inavyowezekana, sentimita 15 au 20, hata kama ile ya kiwandani imewekwa karibu na redio. Nilijifunza hili kwa moshi. Gari langu la pili nilipitisha waya kwenye tundu la ukuta wa injini ambalo halikuwa na raba, bati tupu, na fyuzi nikaiacha ndani chini ya dashibodi kwa sababu ilikuwa rahisi kuifikia. Miezi ikapita. Mtikisiko wa barabara ukawa unasaga ganda la waya kidogo kidogo kwenye ukingo wa lile bati, mpaka shaba ikagusa bodi. Fyuzi haikukatika, maana shoti ilikuwa kabla yake, upande wa betri. Nilisikia harufu ya plastiki, kisha moshi mweupe ukaanza kutoka karibu na pedali. Nilisimama pembeni, nikafungua boneti, nikachukua spana namba 10 na kuchomoa terminali ya hasi mikono ikitetemeka. Ganda la waya lilikuwa limeyeyuka na kushikana na nyaya nyingine tatu za gari. Ndani ya gari kulikuwa na mtoto wangu. Tangu siku hiyo sipitishi waya kwenye bati bila raba, na juu ya raba naongeza bomba la plastiki la kufunika nyaya. Fyuzi inabaki pale pale kwenye betri.

Upande wa hasi, ushauri wa zamani ulikuwa kufunga kwenye nguzo ya betri moja kwa moja. Kwa magari mengi ya sasa angalia kwanza. Kama kwenye terminali ya hasi kuna kiboksi kidogo chenye plagi ya waya mwembamba, hicho ni kihisio kinachopima umeme unaoingia na kutoka kwenye betri, na kompyuta ya gari inategemea hesabu yake kuamua altaneta ichaji kiasi gani. Ukifunga hasi ya redio juu ya nguzo, umeme wa redio unakipita kando na hesabu inaharibika. Funga upande wa pili wa kihisio, pale waya mnene wa betri unaposhikwa na bolti kwenye bodi. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, kaza, halafu paka grisi kuzuia kutu.

Kabla hujatoboa au kubana chochote, jua eabegi ziko wapi. Nyingi ziko pia kwenye nguzo za pembeni ya kioo cha mbele na kando ya paa. Kebo ya antena ikipita juu ya eabegi, au kichwa cha redio kikiwa mbele yake, siku ya ajali vinageuka kuwa kitu kinachorushwa usoni. Gari likiwa la mseto au la umeme, nyaya za rangi ya chungwa usiziguse wala usipite karibu nazo.

Kuhusu antena ya sumaku: ndiyo, kwa VHF na UHF inatosha kuanzia, mradi ikae katikati ya paa. Antena ya robo wimbi kwa megahezi 145 ni fimbo ya sentimita 49 hivi, na nusu yake ya pili ni paa lenyewe. Ukiibandika pembeni ya buti, mawimbi yanaegemea upande mmoja. Katikati ya paa panasaidia jambo jingine pia: bati linawakinga walio ndani na mawimbi yenye nguvu. Hakikisha tu paa ni la chuma. Kwenye alumini au kioo sumaku haishiki. Futa vumbi kabla ya kuiweka, la sivyo chembe za mchanga zinakwangua rangi. Kebo isibanwe na mlango mahali pale pale kila siku, maana ikishabonyea ndani huioni kwa macho, unaiona kwenye mita ya SWR (kipimo kinachoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena).

Mita hiyo azima kama huna. SWR ya 3 maana yake robo ya nguvu inarudi, na redio nyingi hapo zinaanza kujipunguza zenyewe ili zisiungue. Tafuta chini ya 1.5. Kama usomaji ni mzuri kwenye masafa ya chini ya bendi na unaharibika kadiri unavyopanda, fimbo ni ndefu. Kata kidogo sana. Milimita 3 zinakusogeza karibu megahezi 1, na ukishakata huwezi kuunga.

Ukishaizoea utatamani tundu halisi kwenye paa, kipenyo cha milimita 19, na kikalio cha kudumu. Nilikaa miaka miwili nikiogopa kutoboa. Nilipotoboa, kituo ambacho nilikuwa nakipata kwa kukwaruza kilikuja safi, na sababu kubwa nadhani ni ile kebo iliyobanwa na mlango, ambayo niliibadilisha siku hiyo hiyo. HF ni habari nyingine. Robo wimbi ya megahezi 7 ni mita 10, gari linabeba fimbo ya mita 2 na nusu, kwa hiyo unahitaji koili, na bodi lazima iunganishwe vizuri: boneti, buti na bomba la ekzosi vyote vifungwe kwenye chasisi kwa mikanda ya shaba iliyosukwa. Utaanzisha mada yake ukifika huko.

Mluzi wa rafiki yako. Mwambie akanyage mafuta gari likiwa limesimama. Mluzi ukipanda na injini, ni altaneta, unaingia kwa waya wa umeme, na mara nyingi dawa ni ile ile: waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri na ethi (pale hasi inapofungwa kwenye bodi) iliyokwanguliwa vizuri. Mluzi ukiwa unasikika kwenye matangazo yake tu na si kwenye spika yake, bado ni njia hiyo hiyo. Kelele anazozisikia yeye mwenyewe zina vyanzo vingi zaidi. Tiki-tiki inayokwenda na injini ni mfumo wa plagi. Mvumo unaoanza ukifungua swichi kabla injini haijawaka, shuku pampu ya mafuta. Lakini mimi vyanzo vibaya kuliko vyote nilivyowahi kukuta ni chaja ndogo ya simu na kamera ya kioo cha mbele. Washa redio, chomoa kimoja kimoja, kisha chomoa fyuzi za gari moja moja ukisikiliza. Ukimpata mhalifu, zungusha waya wake mara kadhaa kwenye pete ya feraiti (pete nyeusi inayomeza kelele za umeme).

Wati 50 usizikimbilie. Kutoka wati 10 hadi 50 ni desibeli 7, yaani zaidi kidogo ya pointi moja kwenye mita ya yule anayekusikiliza. Mimi natembea na 10, napandisha nikiombwa.

Kuhusu barabarani: jaza ripita (vituo vinavyopokea ishara yako na kuirusha tena) na masafa yako yote kwenye kumbukumbu ukiwa nyumbani, pamoja na toni zake (sauti ndogo zinazofungua ripita). Maiki iwe mahali mkono unapofika bila jicho. Usivae spika za masikio yote mawili. Mazungumzo yakihitaji kuandika au kufikiri sana, mwambie mwenzako subiri, simama. Ongea kwa vipande vifupi, acha sekunde mbili tatu kabla ya kujibu ili mwenye dharura apate kuingia. Na usishtuke sauti ikikatika-katika kwa kasi ukiwa kwenye mwendo: kwa megahezi 145, kilomita 100 kwa saa, mawimbi yaliyogonga majengo na vilima yanakukuta yakififia karibu mara 27 kwa sekunde. Mara nyingi kusogea nusu mita ukiwa umesimama kunaleta ishara iliyokuwa imepotea.

Halafu betri. Redio ikisikiliza tu inavuta kama nusu ampea. Usiku mmoja hautakuumiza, lakini ukiisahau siku tatu ni ampea-saa 36, na kwa betri ya 60 gari halitawaka. Weka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayofuata swichi ya gari, au washa ile kazi ya redio kujizima yenyewe.

Ukimaliza kufunga, washa injini, bonyeza maiki, pima volti kwenye betri na nyuma ya redio, uniandikie namba zote mbili pamoja na urefu wa waya. Tofauti ikizidi nusu volti tutatafuta inapopotelea.