Jibu: Mbwa wa umbo dogo, miaka 8, nimchukue?

Dada, mchukue. Umeuliza kama mbwa mzee kutoka kituo cha uokoaji atazoea chumba chako cha kupanga hapo Kampala, au utamzika tu baada ya muda mfupi. Mbwa wa umbo dogo huishi muda mrefu kuliko wakubwa, wengi hufika miaka 12 hadi 15, kwa hiyo huyo bado ana maisha mbele yake. Tena tabia yake inajulikana tayari: mlezi wake atakwambia anavyokaa na watoto na anavyofanya akiachwa peke yake. Kwa mtoto wa mbwa unabahatisha.

Inaniuma kwamba kwetu wengi wanataka mbwa mkubwa wa kulinda geti, wadogo wanabaki vituoni. Wanapenda watu mno! Huko Gulu, mradi wa Comfort Dog Project unawakutanisha mbwa waliookolewa na watu walioumizwa na vita vya kaskazini mwa Uganda, na wote wawili wanapata nafuu.

Mwanzoni akijificha chini ya kitanda, usimvute. Atatoka mwenyewe, na siku atakapokuja kulala miguuni pako bila kuitwa utafurahi sana. Daktari wa mifugo amkague meno na moyo, na chanjo ya kichaa cha mbwa isikosekane. Meno yakiwa mabovu, mpe posho (ugali) laini na mukene (dagaa) waliosagwa, bila kitunguu wala mifupa ya kuku iliyopikwa.

Mwenye nyumba aambiwe mapema.