Re: Mchuzi wa mayai wa Kitelugu unatoka mchungu

Habari mkuu. Unasema kodi guddu pulusu yako, yaani huo mchuzi wa mayai wenye ukwaju wa Watelugu wa kusini mwa India, inatoka chungu, na kupunguza ukwaju hakujasaidia. Angalia uwatu (mbegu za methi) kwanza. Ukwaju huleta uchachu tu. Uwatu ukiungua kwenye mafuta ndio unaoharibu sufuria nzima. Mimi hutia haradali, ikianza kupasuka natupia punje chache za uwatu, vitunguu vinafuata papo hapo. Nyanya ziive hadi mafuta yajitenge, ndipo pilipili, manjano na maji ya ukwaju, moto mdogo mpaka harufu ya ubichi iishe. Mayai ya kuchemsha yachanje kabla ya kuyatumbukiza, la sivyo mchuzi hauingii. Sukari guru kidogo mwishoni, watu wengi wa Andhra, jimbo la Watelugu, hutia. Ila kama uwatu umeshaungua, mwaga mafuta uanze upya, sukari haitaficha uchungu huo.