Maswali ya Wasomaji: Nani Anaweza Kuhoji Uchaguzi Wetu?

SWALI

Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi wilayani Kasulu. Mwaka 2024 kijana niliyemfundisha shule ya msingi alichukua fomu ya kugombea uenyekiti wa kijiji kwa tiketi ya chama cha upinzani, nami nikamsaidia kuijaza. Alienguliwa kwa madai kwamba fomu ina dosari, lakini dosari yenyewe hakuonyeshwa. Alikata rufaa, akajibiwa kwa mdomo tu kwamba imetupwa. Mwaka uliofuata tukaitwa kumchagua Rais, na chama kikuu cha upinzani hakikuwamo katika karatasi ya kura. Nimepiga kura tangu enzi za chama kimoja, na sikumbuki serikali iliyotudharau kiasi hiki wakati wa uchaguzi. Naomba mnieleze sheria inasemaje. Je, hakuna mahakama inayoweza kuhoji namna mshindi alivyopatikana?

Mwalimu mstaafu, Kasulu

JIBU

Shikamoo, Mwalimu. Hasira yako ina msingi, na tutajitahidi kukuonyesha ni katika vifungu gani msingi huo umejengwa.

Tuanze na kijana wako. Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa husimamiwa na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), kwa kanuni anazotunga waziri mwenye dhamana. Mgombea akienguliwa, rufaa yake husikilizwa na kamati ya wilaya ambayo mwenyekiti wake ni Katibu Tawala wa Wilaya, naye ni mteule wa Rais. Wazee wetu waliiita hali hii kesi ya nyani kuamuliwa na ngedere. Ni kweli kwamba Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2024 iliitaja Tume kuwa msimamizi wa uchaguzi huo pia, lakini kwa sharti kwamba Bunge litunge kwanza sheria ya kuweka utaratibu. Sheria hiyo haikutungwa, na tarehe 27 Novemba 2024 mambo yakaenda kama yalivyokwenda mwaka 2019. Mara zote mbili chama tawala kilitangaziwa ushindi wa asilimia 99 au zaidi ya vijiji. Chama kinaweza kupendwa sana, lakini ushindi wa namna hiyo, uliotanguliwa na malalamiko ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa kwenye fomu, hautuambii chochote kuhusu mapenzi ya wapiga kura, kwa sababu katika maeneo mengi hawakupewa mtu wa pili wa kumpima.

Katika uchaguzi mkuu kasoro ni ileile kwa sura nyingine. Kwa miaka mingi wakurugenzi wa halmashauri, ambao huteuliwa na Rais, ndio waliokuwa wasimamizi wa uchaguzi majimboni. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema vifungu vilivyowapa kazi hiyo vinakiuka Katiba. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Juni 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapahapa Arusha, ikawapa haki walalamikaji. Sheria mpya ya mwaka 2024 iliacha kumtaja mkurugenzi, ikaweka watumishi wa umma waandamizi. Iliunda pia Kamati ya Usaili, inayoongozwa na Jaji Mkuu, ili ipendekeze majina ya wajumbe wa Tume, ingawa mwenye kuteua amebaki kuwa Rais, ambaye mara nyingi naye ni mgombea. Tunakubali kwamba hiyo ni hatua, lakini tunakataa kuiita mageuzi.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inasema kwamba mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Tarehe 15 Julai 2020 Mahakama ya Afrika iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ikaiamuru Serikali irekebishe. Ibara ipo hadi leo. Zaidi ya hapo, Novemba 2019 Serikali ilikuwa imekwisha kuliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kwenda mwenyewe katika mahakama hiyo, na sisi tunaona kitendo hicho ni kizito kuliko kesi yoyote moja, maana kinamfungia mlango hata yule ambaye bado hajadhulumiwa. Majirani zetu wa Kenya waliipa Mahakama yao ya Juu mamlaka hayo katika Katiba ya mwaka 2010. Tarehe 1 Septemba 2017 ikafuta uchaguzi wa Rais aliyekuwa madarakani. Malawi ikafanya hivyo Februari 2020. Nchi zote mbili zilirudia uchaguzi.

Ndiyo maana uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 unauma hivi. Kiongozi wa CHADEMA, Tundu Lissu, alikuwa gerezani kwa mashtaka ya uhaini tangu Aprili, na chama chake kilizuiwa kushiriki kwa kuwa hakikusaini kanuni za maadili. Watu waliuawa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, kisha Tume ikatangaza ushindi wa takriban asilimia 98. Waangalizi wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) na wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango vinavyotakiwa. Katika nchi nyingine tungeishauri familia yenye uchungu na chama chenye malalamiko wapeleke ushahidi mbele ya jaji. Hapa kwetu, kwa kura ya urais, jaji huyo hayupo.

Njia zilizobaki ni chache lakini zipo. Matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu. Mwaka 2002, katika shauri la Julius Ndyanabo, Mahakama ya Rufani ilibatilisha sharti la mlalamikaji kuweka dhamana ya shilingi milioni tano kabla kesi yake haijasikilizwa, na kifungu hicho kililazimika kuandikwa upya. Mwambie kijana wako kwamba safari nyingine adai sababu za kuenguliwa kwa maandishi, zenye saini na tarehe, na abaki na nakala ya kila karatasi, kwa kuwa jibu la mdomo ni vigumu kulikatia rufaa.

SWALI

Baada ya yote yaliyotokea, kuna sababu gani ya kujiandikisha tena?

Msomaji, Mbeya

JIBU

Ndugu msomaji, hatutakudanganya kwamba jina lako daftarini litabadilisha Tume. Hata hivyo, miongoni mwa wanaoruhusiwa kufungua kesi ya kupinga matokeo ya ubunge, mbali na mgombea, ni mtu aliyepiga kura au aliyekuwa na haki ya kupiga kura katika uchaguzi huo. Kumbuka pia kwamba Daftari la Kudumu la Wapiga Kura halitumiki katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Orodha yake huandikwa upya kitongojini au mtaani kwako, kwa siku chache tu, na wengi hulijua hilo muda ukiwa umekwisha.