Sodiamu iko sawa, mbona presha iko juu?

Swali: Daktari, nina miaka 41. Kwa miezi kadhaa presha yangu haishuki chini ya 150/95, na bado sijaanza dawa yoyote. Vipimo vya damu vimeonyesha sodiamu 141 na potasiamu 3.2. Kama sodiamu ni ya kawaida, ina maana chumvi haihusiki? Na je, ninunue vidonge vya potasiamu?

Jibu: Hiyo 141 haiiondolei chumvi lawama. Kipimo hicho hakihesabu sodiamu yote iliyomo mwilini, kinaonyesha tu ilivyokolea kwenye maji ya damu. Ukila chumvi nyingi unapata kiu, unakunywa maji, na figo nazo zinayazuia. Namba inabaki palepale kati ya 135 na 145, ila damu imeongezeka ujazo na mishipa inaelemewa. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa kwenye mkate na vyakula vya viwandani.

Iliyonishtua ni hiyo 3.2. Kawaida huwa 3.5 hadi 5.0. Potasiamu husaidia figo kutoa sodiamu kwenye mkojo na hulegeza mishipa, hivyo ikipungua presha hupanda. Lakini kwa mtu asiyetumia dawa za kukojoza, na kama hukuharisha wala kutapika, ni lazima tufikirie aldosteroni, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Ikizidi, figo hung'ang'ania sodiamu na kumwaga potasiamu. Wengi hutibiwa presha miaka na miaka bila kupimwa homoni hii, na inauma, kwa sababu tiba ipo: spironolaktoni, dawa inayoizuia homoni hiyo, au upasuaji ikiwa tezi moja tu ndiyo yenye kasoro. Mwombe daktari wako apime aldosteroni pamoja na renini (kimeng'enya cha figo kinachochochea aldosteroni), na arudie potasiamu. Magnesiamu nayo ipimwe, maana ikiwa chini, potasiamu hukataa kupanda hata ukiongezewa.

Vidonge usijinunulie. Potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuusimamisha kabisa, hasa figo zikiwa dhaifu au ukianzishiwa dawa ya presha kama losatani. Chumvi mbadala yenye potasiamu ina hatari hiyohiyo. Matunda, maharage na mboga za majani kula, mradi figo zako ni nzima.

Ukisikia misuli imeishiwa nguvu au moyo unaruka mapigo, usisubiri miadi; nenda hospitali siku hiyohiyo.