Wape njia tatu, kisha usiondoke

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeirudia kuisoma, kwa kuwa swali lililomo si la kujibiwa kwa simu. Unasema uliwaambia wanafunzi wako wa kidato cha pili, katika somo la Historia, wachague wenyewe kipengele chochote cha biashara ya masafa marefu na namna yoyote ya kukiwasilisha, ukitumaini kuwa darasa litachangamka. Badala yake wengi walikaa kimya, wachache wakanakili aya nzima kutoka katika kitabu cha kiada, na wale wa nyuma wakapiga soga mpaka kengele ikalia. Kisha mwalimu wa taaluma akakuambia kuwa mambo ya uhuru ni ya shule za watoto wa wakubwa, na kwamba watoto wa shule ya kata wanahitaji kuandikiwa ubaoni na kusimamiwa. Unaniuliza kama anasema kweli, na kama urudi kwenye ubao.

Usirudi. Mwenzako ameona jambo la kweli, ila hitimisho alilolitoa si sahihi. Ni kweli kwamba darasa lako lilishindwa kuchagua siku ile, lakini halikushindwa kwa sababu ya aina ya watoto waliomo; lilishindwa kwa sababu lilipewa uwanja mpana mno, kisha likaachwa humo peke yake. Mtoto aliyemaliza shule ya msingi kwa kunakili kilichoandikwa ubaoni na kuitikia kwa pamoja hana mazoea ya kuulizwa anapendelea nini, na anapoulizwa ghafla, tena kwa Kiingereza ambacho bado anakipapasa, jambo la kwanza analolifanya ni kutafuta mtego uliofichwa ndani ya swali. Ukimya ule usiuite uvivu. Walikuwa wanasubiri uwaambie jibu ambalo waliamini unalo tayari mfukoni.

Wako wanasaikolojia wawili waliofanya kazi pamoja katika Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, ambao kwa miongo kadhaa wamejenga nadharia kuhusu kinachomfanya mtu ajitume bila kusukumwa. Wanasema mtu huhitaji mambo matatu: aone kwamba analolifanya limetokana na hiari yake walau kwa kiasi fulani, aone kwamba analiweza, na ajione kuwa ni mmoja wa wale alio nao, yaani yupo mtu anayemjali hapo. Wewe ulitoa la kwanza kwa mkono mkunjufu, ukaruka la pili. Mtu aliyeachiwa hiari ya kufanya jambo ambalo hajui aanzie wapi huwa hahisi uhuru wowote; huhisi aibu, na kijana wa miaka 15 mwenye aibu atanyamaza au atafanya fujo.

Mwaka 2010 Deci, akiwa pamoja na watafiti wengine wawili, Hyungshim Jang na Johnmarshall Reeve, walichapisha uchunguzi wa madarasa 133 ya shule za sekondari za umma huko Marekani. Walitaka kujua kama mwalimu anayewapa wanafunzi uhuru ndiye anayelegeza mwongozo, kama wengi tunavyodhani. Waliona kinyume: walimu waliowapa wanafunzi nafasi ya kuamua ndio hao hao, kwa kawaida, waliotoa maelekezo yaliyo wazi na msaada wa karibu, na wanafunzi walishiriki vizuri pale mambo hayo mawili yalipokwenda pamoja. Nakubali kwamba Marekani si Tabora, na madarasa yao hayana wanafunzi sabini na ushee kama lako. Hata hivyo, anayekutaka uchague kati ya uhuru na usimamizi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tuje kwenye ukubwa wa uchaguzi wenyewe, maana hapa ndipo ulipoteleza zaidi. Neno «chochote» halimsaidii anayeanza. Sheena Iyengar na Mark Lepper waliwahi kuwapa wanafunzi wa chuo kikuu nafasi ya kuandika insha ya hiari kwa ajili ya alama za nyongeza; kundi moja lilipewa mada 6 na jingine mada 30. Wa mada 6 walioandika walikuwa asilimia 74, na wa mada 30 walikuwa asilimia 60, tena insha za kundi la kwanza zilikuwa nzuri zaidi kidogo. Watafiti waliofuata hawakuona jambo hilo likijirudia kila mahali, kwa hiyo usiligeuze kuwa sheria. Lakini ikiwa wanafunzi wa chuo hulemewa na orodha ndefu katika lugha waliyokulia, fikiria wako, ambao hawakupewa hata orodha.

Mimi ningewapa njia tatu tu, na zote ningezichukua katika ardhi wanayoikanyaga, maana una bahati ambayo mwalimu wa Historia aliyeko kwingine anaitamani. Unyanyembe, kituo kikubwa cha misafara, ilikuwa hapo hapo, na tembe la Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley, liko karibu na mji. Njia ya kwanza ni mpagazi wa Kinyamwezi anayebeba pembe ya ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo: alibeba nini kingine, alikula nini njiani, kwa nini alikubali kwenda. Njia ya pili ni soko: ni nini kilitoka pwani, kama vile nguo, shanga, waya za shaba na bunduki, na ni nini kilitoka bara, kama vile pembe, chumvi ya Uvinza, majembe ya chuma, na watu waliouzwa kama bidhaa, hili la mwisho usiliache lipite kwa sauti ya chini. Njia ya tatu ni Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na swali la kwa nini mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara na kupigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Zote tatu zinafika kwenye malengo yale yale ya mada, kwa hiyo hakuna mtaala utakaokuwa umeuvunja. Kisha katika kuwasilisha, waruhusu mojawapo kati ya mbili: barua ya mtu wa wakati ule, au jedwali na ramani yenye maelezo. Mbili zinatosha kwa sasa. Nyimbo na maigizo utayaongeza muhula ujao, watakapokuwa wamezoea.

Kabla hawajachagua, waonyeshe kazi iliyokamilika. Andika wewe mwenyewe barua fupi ya mpagazi kwenye karatasi ya manila, sentensi sita au saba, uibandike ubaoni na uisome nao, ili waone kiwango unachokitaka badala ya kukikisia. Pembeni yake andika mianzo ya sentensi za Kiingereza ambazo yeyote anaweza kuziazima akikwama. Halafu waache wazungumze kwanza kwa Kiswahili ndani ya vikundi, wakubaliane wanataka kusema nini, ndipo waandike kwa Kiingereza. Najua shule nyingi zimebandika matangazo ya kukataza Kiswahili, na najua mkuu wako ni mkali katika hilo; mweleze mapema kwamba kitakachoandikwa na kuwasilishwa kitakuwa kwa Kiingereza, na kwamba mazungumzo ya dakika kumi ni matayarisho tu. Mtoto hawezi kutafuta hoja na msamiati kwa wakati mmoja. Atakachokipata kwanza ni kimya.

Msaada wakati wa kazi ndio mgumu, kwa sababu vikundi kumi na viwili haviwezi kutembelewa vyote katika kipindi cha dakika 40. Tumia vipindi viwili vilivyoungana, utembelee nusu ya vikundi katika kipindi cha kwanza na nusu nyingine katika cha pili, na uweke sharti moja kwamba hakuna kikundi kitakachoanza aya ya pili kabla hujaiona ya kwanza. Huko kwenye madawati ndiko utakakojua kama unasaidia au unawafanyia. Mwanafunzi atakuambia, «Madam, tuandike nini?» Ukimpa sentensi, ataiandika, na atakuita tena baada ya dakika mbili. Muulize: «Mmekubaliana mpagazi wenu alibeba nini?» Atasema, pembe. «Pembe ilikuwa nzito. Sasa msomaji atajuaje kuwa ilikuwa nzito?» Mmoja atasema bega lilimuuma, mwingine atasema walipumzika kila walipofika kwenye maji. «Haya, andikeni hilo la bega.» Kisha ondoka kabla hawajamaliza, urudi baadaye. Kalamu yao usiishike hata kama mwandiko unakukera.

Nani akae na nani, usiwaachie bado. Uchaguzi wa marafiki huwaacha pembeni wale wale ambao kila siku huachwa, na lile hitaji la tatu nililokutajia ndilo litakalovunjika. Panga vikundi wewe, uwaeleze sababu. Kila mahali ambapo hakuna uchaguzi, toa sababu. Kauli ya «ni lazima kwa sababu nimesema» huua hamu kuliko kazi yenyewe. Mahudhurio, heshima wakati mwenzao anazungumza, na kuandika chochote badala ya kukaa bure havijadiliwi, lakini hata hayo yana sababu zinazoelezeka kwa mtoto wa kidato cha pili.

Umeniuliza pia, kwa mstari mmoja mwishoni, kama ununue kalamu za kuzawadia kikundi kitakachofanya vizuri. Mshahara wako naujua, kwa hiyo jibu la kwanza ni hapana. Jibu la pili ni kwamba mwaka 1971 yule Deci alichapisha jaribio ambamo wanafunzi wa chuo waliolipwa kwa kutatua fumbo la vipande vya kupanga walipunguza kulichezea malipo yalipokoma, wakati wale ambao hawakuwahi kulipwa hawakupungukiwa hamu kwa namna hiyo. Ukianza na kalamu, mada ijayo watauliza ya kalamu. Waambie badala yake ni kitu gani hasa katika kazi yao kilikuwa kizuri, kwa mfano kwamba ramani ya kikundi fulani imeonyesha mahali misafara ilipopata maji, jambo ambalo hata kitabu hakikulitaja.

Ukitaka kumjibu mwalimu wa taaluma kwa lugha yake ya matokeo, mwonyeshe karatasi za mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Katika masomo kama Historia kuna sehemu ambayo mtahiniwa hupewa maswali kadhaa ya insha na kutakiwa ajibu baadhi tu. Kila mwaka tunawapeleka watoto kwenye chumba kile wakiwa hawajawahi, kwa miaka minne, kufundishwa namna ya kuyapima maswali mawili na kulichagua lile wanaloliweza, kisha tunashangaa kwa nini mtu amechagua swali refu ambalo hana hoja zake. Hilo linaweza kuanza kesho bila gharama: katika zoezi la nyumbani toa maswali matano, wachague matatu, na kando ya kila swali waandike kwa maneno machache kwa nini wamelichagua. Maneno hayo machache yatakuonyesha ni nani anayekimbia mada ipi, jambo ambalo alama peke yake haikuambii.

Na akisema kuwa mambo haya ni ya kigeni, mkumbushe kwamba Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba la shule yao: walime nini, kazi igawanywe vipi, mapato yatumike kwa lipi. Katika shule nyingi ushiriki huo uliishia kwenye kushika jembe, na sehemu ya kuamua ikabaki ofisini. Sidhani kama ilikuwa hivyo kwa sababu watoto hawakuweza.

Walionakili kitabu usiwape sifuri. Warudishie kazi, uwaambie wachague sentensi tatu katika walizonakili na waziandike upya kana kwamba wanamsimulia bibi yao, kwa Kiswahili kwanza. Mtu anayenakili mara nyingi ameelewa kwamba kazi inatakiwa ijazwe, ila hajaamini kwamba maneno yake yanatosha kuijaza, na hilo hushughulikiwa kwa kazi ndogo anayoiweza, si kwa kuitwa mvivu mbele ya wenzake.

Wale wa nyuma wanaopiga soga watawanye katika vikundi vinne tofauti, lakini usiwapeleke wote mbele kama mahabusu. Wape waanze kuchagua wao, kabla ya vikundi vingine, na uwatembelee wao kwanza. Kama kuna mmoja ambaye babu yake anasimulia habari za misafara, na kwa Tabora sitashangaa akiwepo, mruhusu alete simulizi hiyo iwe sehemu ya njia yoyote atakayoichagua, mradi aiandike na ataje ameisikia kwa nani.

Nitumie andalio la somo kabla hujalifundisha. Maswali ya njia ya Mirambo yaandike kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ngumu kuliko zote na ndiyo watakayoikimbilia wavulana kwa sababu ya vita. Waulize juu ya ushuru na udhibiti wa njia, wasije wakaishia kwenye bunduki. Baba yako anakusalimu na anauliza kama lile shuka lilifika.

Ni mimi mama yako.